Anayekula kwa Niaba Yetu

Kesho ni sikukuu, nilijiambia, nikaendelea kutembea, maana kukaa nilikuwa siwezi. Nilijaribu kigoda, kigoda kikanichoma bila mwiba. Nilijaribu kuegemea ukuta, nikahisi ukuta unanisukuma niondoke. Basi nikawa nazunguka ua wa mama yangu, toka jikoni hadi banda la mbuzi, toka banda la mbuzi hadi jikoni, na kila nikigeuka nasema tena: kesho ni sikukuu. Jana pia ilikuwa kesho. Ilikuwa kesho siku ndevu zangu zilipoanza kuota. Dada yangu Sekela aliolewa mkesha wa sikukuu, akajifungua mkesha wa sikukuu, na mwanawe akaja kunionyesha pengo la jino mkesha huohuo. Mtu akikuuliza leo ni siku gani, unamjibu mkesha, naye anatosheka na kwenda zake.

Mji wetu hauna jina. Labda ulikuwa nalo, likachukuliwa likaandikwe kwenye mabango ya sikukuu, likasahaulika hukohuko. Uko juu, mahali pa baridi, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi na kukaa mezani na wenyeji. Na mji mzima unanuka matufaha. Sisemi unanukia. Nasema unanuka, kwa sababu matufaha yote yako nyuma ya uzio, yanaiva, yanaanguka, yanachacha chini ya miti, na ile harufu inapanda mpaka barabarani na kutulewesha. Watu wanayumba kidogo wanapotembea. Wanadhani ni furaha ya sikukuu.

Nina swali moja, na swali hilo ndilo lililoninyima kukaa: mtu akila kwa niaba yangu, tumbo linaloshiba ni la nani?

Zamani tufaha halikuwa kitu. Nalisema hili kwa heshima, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote ninazozijua: halikuwa kitu. Ulikuwa unalila huku unasubiri ndoo ijae bombani. Ulikuwa unalila huku unamjibu mtu, kwa mdomo uliojaa, na mtu anakukaripia umeze kwanza. Lenye funza ulilikata upande wa funza, ukala upande wa pili, ukamwachia funza nyumba yake. Mabichi tuliyala kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakaingia ganzi. Mtoto akiota meno alisuguliwa ufizi kwa kipande, akalia, kisha akanyonya. Darini tuliyalaza juu ya majani makavu ili yatuvushe kipindi cha baridi, na nguo zetu zilizokunjwa huko zikanukia, hata ukienda msibani unanukia. Hakuna aliyelitazama tufaha. Ladha yake ilikaa ndani ya kufanya jambo jingine. Nilipogundua kwamba nilikuwa na furaha siku zile, nilikuwa nimeshanyimwa.

Ilianza kwa wema. Mtu mmoja sokoni, wengine husema alikuwa mwanamke, wengine husema alikuwa mgeni, alilishika tufaha mkononi akasema jamani, hili tunda halijapata kushukuriwa hata mara moja. Mvua tunaishukuru, ng'ombe tunawatungia nyimbo, mahindi tuna ngoma yake. Tufaha je? Watu wakalitazama. Wengine walitokwa na machozi, na haikuwa unafiki, maana alisema kweli. Tukalitengea siku. Siku moja haikutosha kujiandaa, tukaitengea siku hiyo mkesha. Mkesha nao ukadai maandalizi, ukameza siku iliyokuwa kabla yake, kisha nyingine, mpaka juma zima likawa mkesha na hatukuona lilikopotelea. Ili matufaha yatoshe sikukuu, tukayawekea uzio. Kula kabla ya sikukuu kukawa utovu wa adabu, kisha kukawa kosa. Na kwa kuwa sisi ni wengi na midomo haiwezi kwenda sambamba, tukakubaliana ateuliwe mmoja ale kwa niaba yetu. Kila hatua tulipiga makofi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulilisifu tunda mpaka tukalitia uzio.

Sikukuu yenyewe haijafika. Kinachofanyika kila siku ni mazoezi. Mlaji, ndivyo aitwavyo huyo mmoja, hupanda jukwaani amevaa joho jekundu, huletewa tufaha moja juu ya kitambaa, hulila lote, nyama na kokwa, na umati chini husema kwa sauti moja: tumeshiba. Kisha tunaambiwa mazoezi yamekwenda vizuri, tukalale mapema, kesho ndiyo kula kwenyewe.

Mama alikuwa anakufa. Niliseme hili waziwazi, maana katika mji wetu hata kufa huzungukwa kwa maneno. Alikuwa amelala kitanda cha karibu na dirisha, mwepesi, meno yote yameondoka, uji unamtoka pembeni ya mdomo kwa sababu hautaki. Dada yangu alikuwa amempikia kila kitu. Nilipomuuliza anataka nini, aligeukia dirisha, nikadhani amelala.

"Tufaha," akasema. "La kukwangua na kijiko, kama la mtoto."

Nikamwambia asubiri, kesho ni sikukuu, na pengine wagonjwa watapewa. Nilisema hivyo kwa sauti laini ya watu waongo. Mama akanigeuzia uso. Alikuwa na macho madogo yenye ukali, ukali ambao maradhi hayakuuchukua.

"La sikukuu silitaki. Nataka la siku tu."

"Mama, wanakula kwa niaba yetu."

"Najua. Wamekula kwa niaba yangu, wakafurahi kwa niaba yangu, mpaka kushiba wameshiba kwa niaba yangu. Sasa naona kufa wameniachia mwenyewe, baba. Hajaja mtu hapa kusema, Mama Sekela, sogea, zamu hii nakufia."

Nilitoka nje. Ndipo nilipoanza kuzunguka ule ua.

Tafakari nawe. Kuna vitu vinavyokubali kufanywa kwa niaba na kuna visivyokubali, na mpaka wake uko wapi? Mtu anaweza kunibebea mzigo, mzigo utafika. Anaweza kunisemea mahakamani, maneno yatafika. Anaweza kunilia matanga yangu. Machozi yatalowesha udongo uleule. Lakini akinilia chakula, hakuna kinachofika. Akinilalia usingizi, hakuna. Akinipendea mke wangu, tutagombana. Akinifia, nitakuwa nimepona leo na kesho nitakufa tena. Kuna chumba ndani ya mtu ambacho mlango wake ni mdomo wake mwenyewe, na anayekushawishi kwamba unaweza kuingia humo kwa mdomo wa mwingine ameshakwisha kukutoa nje ya nyumba yako. Nilifikiri hayo kwenye banda la mbuzi. Nilipofika jikoni nilikuwa nayapinga. Labda mimi ndiye mroho. Labda watu wote wameshiba kweli, na tumbo langu tu ndilo korofi.

Niko katika hali hiyo, akaingia Bwana Kapungu, Msimamizi wa Mazoezi. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye koo linalopanda na kushuka hata asipomeza kitu. Hakuna anayemchukia. Alinisalimia kwa adabu, akaulizia hali ya mgonjwa, akatoa pole, kisha akaniomba nifungue mdomo. Nilifungua. Alitazama meno yangu moja baada ya jingine kama mnunuzi wa punda, akanigonga taya kwa kidole, akaridhika. Alinieleza kwamba Mlaji ameanguka asubuhi hiyo jukwaani. Uzee tu. Nikasema lakini Mlaji ni kijana, tumekua pamoja. Akasema ndiyo, alikuwa kijana alipopanda ngazi.

Akaniambia nimeteuliwa. Hakuuliza kama nataka, ila alisema kwa upole ambao ungeona aibu kuukatalia. Nami nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza, kwa sababu moja. Katika mji wetu mkono mmoja tu ndio unaoruhusiwa kugusa tufaha, nao ni mkono wa Mlaji.

Hila yangu ilikuwa ya kitoto. Nitang'ata, nitatafuna, nitabakiza kipande shavuni, nitakileta nyumbani. Ndege hufanya hivyo, mbona mimi nisiweze. Njiani Bwana Kapungu akanieleza taratibu, na mojawapo ni hii: baada ya kumeza, Mlaji hufungua mdomo mbele ya watu, na msimamizi hupitisha kidole shavuni ili wananchi wawe na hakika kwamba wamekula vyote. Nikacheka. Akaniuliza kinachonichekesha, nikasema ni furaha.

Walinivika joho. Lilikuwa bado na joto la yule aliyeanguka. Nikafunga kifungo cha kwanza, goti langu la kushoto likaanza kuuma. Mtu aliyesimama mlangoni akaniuliza, vipi mguu, Mlaji, bado unakusumbua wakati wa baridi? Nikamjibu unasumbua kidogo. Sikuwa na mguu mbovu maishani mwangu. Nikapiga hatua, nikachechemea. Mwingine akanipa pole ya mtoto wangu aliyefariki, nami sijawahi kuwa na mtoto, ila nikamshukuru kama mfiwa. Nikajaribu kukumbuka jina langu. Lilikuja, lakini lilikuja polepole, kutoka mbali, kama mtu anayeitwa akiwa ng'ambo ya shamba. Lwitiko. Mimi ni Lwitiko mwana wa Mama Sekela. Nikalirudia kimyakimya huku napanda ngazi, na kwa kila ngazi herufi zake zikawa nyepesi.

Sijui kama umewahi kuutazama umati kutoka juu. Chini unaona visogo. Juu unaona nyuso, na nyuso ni jambo jingine kabisa. Walikuwa wamejaa uwanja mpaka kwenye uzio. Bwana Kapungu alisema maneno ya kulisifu tunda, maneno mazuri, nayajua kwa moyo: tunda letu la kila siku, rafiki wa maskini na tajiri, asiyebagua mdomo. Watu walitikisa vichwa. Kisha tufaha likaletwa.

Nilikuwa nimesahau kwamba lina uzito. Picha za mabango hazina uzito. Nililishika, likajaza kiganja, baridi, na kwenye kikonyo chake palikuwa na kovu dogo la kahawia ambalo mchoraji wa mabango hawezi kulichora kwa sababu si zuri. Mate yakanijaa. Nataka nikiri kwamba kwa wakati ule nilimsahau mama. Nilimsahau kabisa. Palikuwa na mimi na njaa yangu ya miaka ile yote iliyokuwa siku moja, na tufaha, na hakuna aliyenizuia. Bali mji mzima ulikuwa unanisihi nile.

Nikafungua mdomo.

Na umati ukafungua mdomo.

Wote. Wazee, wauza mboga, walinzi wenyewe na marungu yao. Mwanamke aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni alifungua, na mtoto mgongoni akafungua. Nilipofunga kidogo, walifunga kidogo. Nikasogeza taya kujaribu, wakasogeza taya. Walikuwa wanatafuna hewa. Walikuwa wanaitafuna kwa bidii, wanaimeza, na kila koo lilipanda na kushuka. Nikageuka, nikaliona koo la Bwana Kapungu likifanya vilevile. Nilikuwa nimesimama pale chini tangu siku hiyo ilipoanza, nimetafuna hewa pamoja nao, na sikuwahi kujiona. Nikaona haya. Nikaona haya kwa ajili yangu na kwa ajili yao, haya ya moto iliyopanda hadi masikioni, na ule uroho wangu ukafa papo hapo.

Nikafunga mdomo. Wakafunga, wakasubiri.

Nikalitia tufaha ndani ya joho, nikashuka ngazi.

Hakuna aliyenizuia. Walinzi wetu wamefundishwa kumkamata mtu anayelijia tufaha. Hawakufundishwa la kufanya tufaha likiwajia wao na kuwaomba njia. Walitazamana, kisha wakapisha. Umati nao ukapisha, ukafungana nyuma yangu, ukanifuata. Hawakuwa na hasira. Walikuwa hawajashiba, basi, na chakula chao kilikuwa kinaondoka.

Bwana Kapungu alinifikia nilipokuwa nimeuacha uwanja. Alitembea kando yangu, akihema, akijitahidi asichafue viatu. Hakunigusa. Alinieleza kwamba jambo kama hili halina utaratibu, kwamba hata adhabu yake haijatungwa, na kwamba anaumia kwa ajili yangu. Nilimwambia mama yangu anakufa. Akasema analijua hilo, na mama yake naye alikufa mkesha. Kisha akanishika kiwiko.

"Ndugu Mlaji, ukilipeleka nyumbani litakuwa tunda tu."

"Ndiyo maana nalipeleka."

"Hunielewi. Likiwa tunda tu, sisi sote huku nje tumekuwa tukifanya nini?"

Mpaka leo naliheshimu swali lile kuliko langu. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba huyu bwana hakuwa na siri yoyote, wala ghala la matufaha nyumbani kwake, wala uovu wa kujificha. Alikuwa na njaa kama sisi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tunda, kila siku, na hakuwahi kulila. Nilimhurumia, na kumhurumia hakukupunguza mwendo wangu.

Barabara ikarefuka. Nawaambia ilirefuka, nyumba ambazo nimezipita maisha yangu yote zilijirudia, zikanipitia mara nyingine upande wa pili. Mlangoni mwa nyumba moja alisimama mwanamke mwenye kikombe cha chai, akaniita mume wangu, akasema umechelewa, mguu wako umevimba, ingia nikukande. Nilimjua kuwa ni mke wa yule aliyeanguka. Nilijua pia chai yake ina tangawizi, na kwamba chini ya kitanda chake kuna viatu vyangu. Nilisimama. Ningeingia. Ingekuwa rahisi, maana joho lilikuwa linaelekea huko lenyewe, na mtu aliyechoka hupenda kuwa mtu yeyote ilimradi kuna kiti. Nikamuuliza, mama, mwanao aliyekufa aliitwa nani? Akanitajia. Nikasema pole sana, mimi siye, mumeo ameanguka jukwaani asubuhi, kamchukue. Akanitazama tena, akakitua kikombe kizingitini, akavua kanga ya juu akaifunga kiunoni, akaanza kukimbia kuelekea uwanjani. Hapo nikavua joho. Nililiacha barabarani, na sikutazama nani atalikanyaga.

Goti likaacha kuuma. Nikaingia uani nikiwa mtu mwenye suruali ya kawaida na tufaha mkononi.

Dada yangu Sekela alikuwa kizingitini. Aliona tufaha, akaona umati nyuma yangu umejaa hadi kwenye banda la mbuzi, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akafanya jambo ambalo nitamshukuru kwalo siku zote. Hakuniuliza nimelipataje. Aliingia jikoni, akatoka na kisu na kijiko, akavifuta kwa upindo wa kanga, akanipa.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amefumba macho, lakini shingoni mlikuwa na kitu kinachohangaika. Nikakaa kitandani. Nilikaa, nasema, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikalikata tufaha katikati, likatoa ile sauti yake ya kupasuka, na nje, dirishani, mlangoni, juu ya ukuta ambako watu walikuwa wamepanda, nikasikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Ndani lilikuwa jeupe linaloelekea umanjano. Nikaanza kukwangua kwa kijiko, polepole, kwa ncha, mpaka kikajaa ule ute wenye majimaji. Nikampelekea mdomoni. Akapokea.

Watu wote dirishani walifungua midomo pamoja naye. Sikushangaa. Mama alibana midomo, akazungusha ulimi, akakunja uso.

"Lina unga," akasema. "Limekaa sana hili. Lilitakiwa kuliwa zamani."

Sekela aliangua kicheko kisichokuwa na mpango, akakimeza. Mimi nilidhani nimeshindwa. Nilimwomba radhi mama yangu, nikasema ndilo hilo walilonalo, wanachagua yanayong'aa. Akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi, akafungua mdomo tena. Nikampa. Alikula kijiko baada ya kijiko, analalamika katikati, mara limepoa mno, mara nakwangua kwa pupa nitamtia maganda, na kidevu chake kikalowa. Alikuwa anakula. Hakuwa anashukuru chochote. Nilihisi kitu kifuani kikilegea ambacho kilikaza kwa muda mrefu nikadhani ni mfupa.

Wakati huo mtu mmoja nje alipiga makofi. Nadhani ni mazoea tu, mikono yake ilijua hapa ni mahali pa kupiga. Mwingine akafuata, kisha uani kote, makofi yakavuma hadi kijiko kikatetemeka mkononi mwangu. Mama akainua mkono.

"Nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wanyamaze ili waisikie. "Mtu akila mnampigia makofi ya nini?"

Watu waliitazama mikono yao. Hawakujua waitie wapi. Bwana Kapungu alikuwa amesimama kizingitini, hajaingia, anaona haya kuingia kwa mgonjwa bila kukaribishwa, na mama akamwona. Akamwambia wewe uliyesimama, karibu, kula. Kipande cha pili hiki mimi sitakimaliza. Alimwambia kama anavyoambiwa mpita njia yeyote anayekuta watu wanakula. Bwana Kapungu alisema ahsante mama, nimeshiba. Mama akasema umeshiba nini, koo hilo. Akamsukumia kipande mkononi.

Alikishika. Alitazama nyuma, kwa wale watu, na niliona wazi kwamba anatafuta wa kuwawakilisha. Kisha akang'ata. Aling'ata vibaya, kwa pembeni, maji yakamtiririka hadi kwenye ukosi wa shati, na hakuna hata mmoja nje aliyesogeza taya pamoja naye. Walimtazama tu. Nyuma kabisa mtu mmoja akasema, mimi nataka langu. Hakulisema kwa kelele. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kuelekea kule kwenye uzio, na muda si mrefu tukasikia mbao zikivunjika, mlio mkavu, ukirudiwarudiwa.

Sitasema kilichofuata kilikuwa kizuri. Watu waligombana. Wengine walikula yaliyochacha wakalala njiani wakiimba. Wengine walikaa na matufaha mapajani, wakayatazama, wakalia kwa kuogopa. Wapo waliorudi uwanjani wakasubiri jukwaa lipate mtu, na hadi leo wapo. Bwana Kapungu alikaa uani kwetu mpaka kijua kikashuka, akitema kokwa kiganjani na kuzitazama, na Sekela akampa maji ya kunawa.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Hakusema maneno makubwa. Aliniambia nimfute kidevu, nikamfuta; akaniambia niache kutingisha mguu, ninamtikisia kitanda, nikaacha. Akalala. Mimi sikutembea tena. Nilikaa palepale, nikamsikiliza akipumua, na nilijua vizuri kwamba pumzi zile alikuwa anazivuta yeye mwenyewe, hakuna aliyemsaidia hata moja.

Kesho ikaja. Nilikuwa dirishani, nikaiona ikiingia na ukungu wake, na haikuwa na ngoma wala mabango. Haikuwa sikukuu. Ilikuwa siku ambayo mama yangu alikufa, kabla chai haijachemka. Majirani walikuja, midomo inanukia matufaha, wakaketi chini, wakalia, kila mtu kwa macho yake. Nikawauliza tutamzika lini. Wakajibu, kesho, nami nikawaamini.